Shahada ya Afya ni Deni, Wala Si Pambo

Juma lililopita mzee mmoja alipanda ngazi za ofisi yetu, taratibu, mkono mmoja ukishika ukuta na mwingine ukishika bahasha. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa habari ya binti yake: amechaguliwa kuingia chuo kikuu kusomea Shahada ya Uuguzi, muda wa miaka minne.

Tulidhani amekuja kutuonyesha furaha yake. Sivyo. “Mwanangu mhariri,” alisema, “wewe ni mtu uliyesoma, nami nimekuja kuuliza. Nimepakua shehena bandarini miaka thelathini na mmoja. Mgongo huu umekwisha kwa ajili ya yule mtoto. Nilitaka awe daktari. Sasa naambiwa atakaa chuo kikuu miaka minne akisomea unesi. Hivi kazi ya kumwaga beseni nayo yataka chuo kikuu? Nimkataze, asubiri mwakani apate udaktari, au nimwache aende?”

Alipokwisha kusema hayo alinyamaza kidogo, kisha akaongeza swali la pili kwa sauti ya chini: “Na akimaliza, kazi ataipata?”

Siku za kuthibitisha nafasi hiyo hazikuzidi kumi. Tulimpa jibu fupi pale pale, nalo tutalitaja mwishoni. Lakini tulimwomba ruhusa ya kulijibu kwa urefu katika ukurasa huu, kwa kuwa maswali yake hayakuwa yake peke yake. Katika kila tawi la Chama na kila kiwanda, wapo wazazi wanaouliza hayo hayo kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka. Kuwaacha bila jibu ni kuwatupa.

TULIKOTOKA

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba mlango huo wa chuo kikuu, ambao leo mzazi anafikiri kuukataa, jana ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Katika miaka ya 1890, chini ya Wajerumani, mji wa Dar es Salaam ulipata hospitali mbili. Moja ilijengwa ufukoni, penye upepo mwanana, kwa ajili ya Wazungu. Ya pili, ya Waafrika na Waasia, ilitokana na fedha za mfanyabiashara wa Kihindi, Sewa Haji. Ugonjwa haukuwa na rangi, lakini kitanda kilikuwa na rangi. Waingereza walipotwaa nchi, Mwafrika aliyefanya kazi ya tiba alikuwa dresa wa kufunga vidonda, au mhudumu wa wodi. Wachache waliobahatika walipelekwa Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza katika miaka ya 1920. Nao waliporudi, wakiwa wamesoma kwa miaka mingi, waliitwa wasaidizi wa daktari, wakalipwa chini ya Mzungu waliyesimama naye kwenye meza moja ya upasuaji.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya wasomi hao wa tiba walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kudai haki za nchi hii. Daktari Vedast Kyaruzi, mhitimu wa Makerere, alishika urais wa TAA mwaka 1950, miaka minne kabla ya kuzaliwa kwa TANU. Serikali ya kikoloni ilimhamisha kutoka Dar es Salaam, ikidhani kumwondoa mtu ni kuiondoa fikra. Wanachama wa leo wanaosema kwamba siasa na sindano havihusiani, na waikumbuke habari hiyo.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo katika Tanganyika nzima waliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mikono na miguu. Mwaka huo huo chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza, nacho hakikuanzia Mlimani. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Chama kilikuwa na nyumba, Taifa halikuwa na darasa. Basi Chama kikatoa nyumba yake. Mwaka 1963 ikaanzishwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu. Katika miaka ya 1970 yakaongezwa masomo ya ufamasia na ya tiba ya meno. Mwaka 1991 Muhimbili ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 ikapata hati ya kusimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo Moshi inafundisha, Mwanza inafundisha, Dodoma inafundisha, na vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi vinafundisha.

Tumeyasema haya ili mzee wetu ajue kwamba barua iliyo mfukoni mwake si karatasi ya bure. Kizazi cha babu wa binti yake hakikuweza kuiota.

NESI HUSOMA NINI MIAKA MINNE?

Sasa tuliendee lile beseni. Hatulidharau, maana mgonjwa asiyesafishwa hupona kwa shida, au haponi kabisa. Lakini mtu anayedhani kwamba uuguzi unaishia hapo amesimama mlangoni mwa wodi, hajaingia ndani.

Mwanafunzi wa Shahada ya Uuguzi huanza kwa kusoma mwili wa binadamu ulivyojengwa na unavyofanya kazi: moyo, mapafu, figo, neva, damu. Huvisoma vijidudu vinavyoleta maradhi, na dawa zinavyoingia mwilini, zinavyotenda na zinavyotoka. Husoma magonjwa ya watoto, ya wazee, ya akili, na afya ya jamii. Hujifunza ukunga. Hujifunza kuhesabu, kuchunguza na kuandika taarifa, na kuongoza wodi yenye wauguzi wengine na wagonjwa wengi. Wala hayasomi yote hayo akiwa amekaa kitako. Huvaa sare akaenda wodini, asubuhi na usiku, chini ya jicho la wakufunzi. Akimaliza miaka minne humngojea mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kabla hajaandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kuwa muuguzi kamili.

Kwa nini hesabu? Kwa sababu mtoto wa kilo 12 hapewi dozi ya baba yake. Dawa hupimwa kwa uzito, na nukta ikiwekwa mahali pasipo pake kiasi huzidi mara kumi. Daktari huandika dawa, lakini mkono wa mwisho unaoigusa kabla haijaingia mshipani aghalabu ni wa muuguzi. Akiwa mjinga, kosa la aliyemtangulia litapita. Akiwa na elimu, atasimama na kusema, “Samahani, Daktari, kipimo hiki hakilingani na uzito wa mtoto.” Maneno hayo machache ndiyo yanayonunuliwa kwa miaka minne. Kuyasema kwahitaji ujuzi, na kwahitaji uthubutu. Navyo vyote viwili hufundishwa.

MWILI MMOJA, VIUNGO VINGI

Wazazi wengi hufikiri kwamba katika hospitali kuna mtu mmoja tu, naye ni daktari, na wengine wote ni watumishi wake. Tunawaomba watufuate usiku mmoja katika hospitali ya wilaya yo yote, wakamtazame mama mmoja anayejifungua.

Mkunga anayo chati mbele yake. Kila nusu saa huandika mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na kila baada ya saa nne hupima njia imefunguka kiasi gani. Mstari unaochorwa katika chati hiyo humwambia kama uchungu unakwenda sawa au umekwama. Mkunga aliyefundishwa vizuri huiona hatari mapema, pale ambapo macho matupu hayaoni kitu.

Mtoto azaliwa salama. Lakini mama aanza kuvuja damu. Damu ikizidi nusu lita, ni hatari. Na mama wa namna hiyo asipopata msaada aweza kufariki ndani ya saa mbili. Mkunga amchoma sindano ya oksitosini ili mji wa mimba ukaze. Je, dawa hiyo itafanya kazi? Itafanya kazi ikiwa ilitunzwa katika baridi tangu ilipotoka kiwandani hadi ilipofika katika wodi ile. Ikiwa iliachwa juani stoo kwa sababu hakuna aliyejali, basi mkunga amechoma maji. Hapo ndipo ilipo kazi ya mfamasia, mtu ambaye mama yule hatamwona kamwe.

Damu haijakatika. Yahitajika ya kuongezewa, upesi. Mtaalamu wa maabara apima kundi la damu ya mama na kuilinganisha na iliyo katika chupa. Akikosea, damu iliyokusudiwa kuokoa yaua. Ikilazimu upasuaji, mtaalamu wa usingizi yupo kichwani pa mama, akiilinda pumzi yake, na daktari yupo na kisu. Na mama huyo akipona na kurudi kijijini, Bwana Afya ndiye aliyekwisha kuhakikisha kwamba kisima atakachotekea maji ya kumwogeshea mtoto hakichanganyiki na choo.

Hebu mwondoe mmoja tu kati ya hao. Mama atapona? Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi, na hakuna kiungo kinachoweza kukiambia kingine kwamba hakihitajiwi. Hatujui kama aliwahi kuona hospitali. Lakini aliyoandika yangefaa kubandikwa mlangoni pa kila moja.

Ushahidi upo. Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000, akina mama 556 walifariki kwa sababu za uzazi. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Makadirio ya namna hii yana mipaka yake, wala hatusemi kwamba sababu ni moja. Barabara, majengo, magari ya wagonjwa na dawa vyote vimechangia. Lakini jengo halizalishi mtu. Kila mama katika hao waliookoka alishikwa na mikono ya mtu aliyefundishwa. Na kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kuenea mikoani, hakikuzuiwa wodini peke yake. Kilizuiwa pia na watu waliokwenda nyumba kwa nyumba wakitazama maji na vyoo.

Kwa hiyo mzee wetu asidhani kwamba binti yake ameanguka kutoka udaktari na kudondokea uuguzi. Uuguzi haukuwekwa chini ya udaktari kama sahani iliyo chini ya kikombe. Hizo ni kazi mbili, kila moja ina elimu yake na heshima yake.

MFANYAKAZI ANAYERUDI DARASANI

Kuna kundi jingine ambalo habari hii inawahusu zaidi, nao ni wasomaji wetu wenyewe walio kazini. Tunamkusudia muuguzi wa zahanati mwenye cheti au stashahada. Tunamkusudia tabibu wa kituo cha afya aliyetibu kata nzima miaka kumi, na mtu wa maabara anayeijua hadubini yake kama mkulima anavyolijua jembe. Hawa nao wana njia ya kufika kwenye shahada. Mwenye stashahada iliyo na alama nzuri aweza kuomba nafasi chuo kikuu bila kurudi Kidato cha Sita.

Nchi hii imejua tangu zamani thamani ya mtu aliyepanda ngazi kutoka chini. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, hospitali zetu za wilaya ziliendeshwa na Madaktari Wasaidizi, watu waliokuwa waganga wa kawaida, wakafanya kazi, kisha wakaongezewa mafunzo, pamoja na ya upasuaji. Wapo waliowabeza. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi ilikuwa ikifanywa na Madaktari Wasaidizi hao, na matokeo yao hayakupishana kwa maana yo yote na ya madaktari wenye shahada.

Twajifunza nini hapo? Hatujifunzi kwamba shahada haina maana. Twajifunza kwamba miaka ya kazi ni elimu, na mtu aliye na miaka hiyo akiongezewa elimu ya darasani, hupatikana mtaalamu wa aina ya pekee. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa na fikra hiyo: kijana afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo kikuu, akiwa na pendekezo la waliomwona akifanya kazi. Utaratibu ule haupo tena, nao ulikuwa na kasoro zake. Lakini kiini chake kilikuwa kizuri, nacho ni kwamba chuo kikuu si mali ya wale tu waliopasi mtihani wakiwa na miaka kumi na tisa.

Hata hivyo njia hiyo ina miiba, nasi hatutawaficha wafanyakazi. Muuguzi mwenye miaka thelathini na mitano anayeingia chuo kikuu anaacha watoto nyumbani. Atakaa dawati moja na vijana wanaoikumbuka kemia ya jana, naye ya kwake imeota kutu. Ruhusa ya masomo hungoja sahihi mezani kwa mkubwa miezi mingi, na mara nyingine nafasi hupita sahihi ikingali inangojwa. Tumewahi kuonyeshwa barua ya ruhusa iliyojibiwa wakati mwombaji angekuwa katika mwaka wa pili. Wakubwa wenye mihuri na wajue kwamba kumchelewesha muuguzi asisome ni kumchelewesha mgonjwa asipone.

FEDHA YA NANI?

Sasa tuseme habari ya fedha, kwa maana hapo ndipo deni linapoanza.

Mwanafunzi wa shahada ya afya ni mwanafunzi wa gharama kubwa. Hatoshelezwi na ubao na chaki. Ahitaji maabara, kemikali, hospitali ya kufundishia, na mkufunzi anayesimamia wanafunzi wachache kwa wakati mmoja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, huwakopesha wenye haja, na aliyeajiriwa hurejesha kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Wapo vijana wanaolia juu ya asilimia hizo. Twaelewa kilio chao, kwani mshahara wa mwanzo si mkubwa. Lakini na waulize: fedha niliyokopeshwa ilitoka wapi? Ilitoka kwa mkulima wa pamba na korosho, kwa mama aliyelipa kodi katika kila kibiriti alichonunua, na kwa mzee aliyepakua shehena bandarini miaka thelathini na mmoja.

Mwalimu Nyerere aliueleza wajibu huu mwaka 1964, alipokuwa akizungumzia mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Alimlinganisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila na asirudi, huyo amewasaliti. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana wakipinga masharti ya kulitumikia Taifa, ambayo yangepunguza malipo yao kwa muda. Mwalimu aliwarudisha makwao, wapata 400. Lakini hakuishia kwao. Alijipunguzia na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tunaomba sehemu hii ya pili isisahauliwe, maana wengi hupenda kusimulia ile ya kwanza tu. Kiongozi aliyemdai kijana ajinyime, alianza kujinyima yeye.

Na kwa kuwa tumetaja uaminifu, tulitaje na jambo la vyeti. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 wamegunduliwa kuwa na vyeti vya kughushi. Katika ofisi ya kawaida, cheti cha uongo huharibu faili. Katika wodi, huharibu uhai. Kijana anayenunua mtihani wa dawa leo, kesho atasimama mbele ya mtoto wa kilo 12 na bomba la sindano mkononi, na hapo hatapata wa kumnong'onezea jibu.

SWALI LA PILI LA MZEE

Tungaliweza kuishia hapa, na makala ingekuwa nzuri na tamu. Lakini mzee aliuliza maswali mawili, na la pili ndilo lililotuinamisha vichwa.

“Na akimaliza, kazi ataipata?”

Ukweli ni huu. Zahanati nyingi vijijini zina upungufu wa watu. Iko zahanati ambamo mtu mmoja ndiye mganga, mkunga, mtoa dawa, mwandishi na mfagiaji, na akiugua yeye mlango hufungwa. Wakati huo huo, katika miji yetu wapo vijana wenye shahada na stashahada za afya, waliofaulu, walioandikishwa na mabaraza yao, ambao wamekaa miaka wakingoja ajira. Wengine wanauza vifaa vya simu. Wengine wanajitolea hospitalini kwa nauli tu. Kiu ipo huku, maji yapo kule, na katikati hakuna mfereji.

Hatusemi jambo hili ili kuwafurahisha wasioitakia nchi mema. Twalisema kwa sababu gazeti la Chama lisiposema, litakuwa pambo la mezani. Kama twamwambia kijana kwamba amekula chakula cha kijiji na lazima arudi, basi kijiji nacho kisimfungie mlango akirudi. Deni lina pande mbili. Taifa lililomsomesha muuguzi kwa miaka minne, likamwacha nyumbani miaka mitano mingine, limefanya kama mkulima aliyelima, akapalilia, akavuna, kisha akauacha mpunga unyeshewe shambani.

Tuna rai tatu, nazo si ngeni. Kwanza, kila halmashauri, inapojenga zahanati kwa nguvu za wananchi, na ihesabu watu kabla ya kuhesabu matofali, maana jengo lisilo na muuguzi ni ghala. Pili, nyumba ya mtumishi na ijengwe pamoja na zahanati. Binti wa miaka ishirini na minne anapopelekwa kijiji asichokijua, akakosa chumba chenye mlango unaofungika, asilaumiwe akirudi mjini. Tatu, wanaojitolea wasisahauliwe nafasi zinapotangazwa. Aliyeshika zamu za usiku mwaka mzima bila mshahara amekwisha kufanya mtihani mgumu kuliko wo wote.

Na kwa vijana tunalo neno pia. Mkipata nafasi wilaya ya mbali, nendeni. Tumewasikia wengine wakisema kwamba shahada haikusomewa ili wakae porini. Neno “pori” huwatoka upesi watu ambao mama zao walizalia huko. Kama si kule, shahada hiyo ni ya nani? Joho la mahafali huvaliwa asubuhi moja na kurudishwa jioni. Kinachobaki ni kazi.

Tulimjibu nini basi mzee wetu siku ile? Tulimwambia: “Mzee, mwache aende. Asingoje mwakani, maana nafasi aliyonayo mkononi ni njema, na kazi yake ni kubwa kuliko unavyoidhania. Akipenda kuendelea mbele, iko shahada ya uzamili, na iko ya uzamivu. Wala usimwambie kwamba amekosa udaktari. Mwambie amepata uuguzi.” Juu ya ajira tulimwambia kwamba hatuwezi kumwahidi, ila tunaweza kuandika, na ahadi hiyo ndiyo tunayoitimiza leo.

Aliikunja tena karatasi yake mara nne. Akatuambia kwamba mkewe alifariki akimzaa mdogo wake huyo binti, usiku, katika kituo kilichokuwa na mlango, kitanda na taa, lakini hakikuwa na mtu. Hakusema zaidi, wala hatukumwuliza. Alishuka ngazi kama alivyopanda, mkono ukutani, akaenda kumwambia mwanawe athibitishe.